Nilidhani ni kipande cha sponji: mimi, Chausiku na fangasi wa matamvua

Siku ya kwanza kuona ule weupe nilidhani ni kipande cha sponji. Nilikuwa nimesafisha filta jana yake, nkajua tu sponji imemeguka ikanasa kwenye tamvua la kupumulia la Chausiku, aksolotli wangu wa majini, lile la katikati upande wa kulia, kadoa kadogo kama pamba umeichambua na kucha. Nikazima taa nikaenda kulala zangu. Baada ya siku mbili kale kadoa kamekua mara tatu na kana vinyweleo vinapepea kwenye maji, hapo ndo nikajua hii kitu ina uhai.

Aksolotli, kwa asiyemjua, ni salamanda wa majini, ndugu wa chura mwenye mkia, asili yake ni huko Xochimilco, Meksiko, na tofauti na ndugu zake wengi yeye hahami kwenda nchi kavu akikua, anabaki majini na matamvua yake yakiwa nje maisha yake yote, matatu kila upande wa kichwa kama manyoya ya jogoo. Huyu wangu ni mweusi ti, mchana kutwa kajificha kwenye bomba, usiku ndo anatembea, jina likaja lenyewe. Hayo matamvua ndo urembo wake na ndo sehemu inayoumia kwanza, maana ni nyama laini iliyojaa damu na iko wazi kwenye kila kitu kilichomo ndani ya maji.

Sasa mimi kilichonipata ni haraka. Nilikimbilia dawa ya fangasi ya samaki, kwenye chupa kimechorwa samaki anatabasamu, nikasoma kipimo nikamimina kwenye tangi zima na mnyama akiwa humohumo. Naomba mtu asirudie hilo. Kwanza aksolotli si samaki, hana magamba, ngozi yake inanyonya kila kilichomo majini, na kuna dawa za samaki zina shaba ambayo kwake ni sumu. Yangu kwa bahati haikuwa na shaba. Lakini iliua kitu kingine ambacho wakati ule hata sikujua nakifuga, yaani wale bakteria wanaokaa kwenye filta.

Hapa nikae kidogo maana ndo penye shina la mambo yote. Mnyama akila na kunya, maji yanapata amonia, na amonia inaunguza matamvua na ngozi. Kwenye filta iliyokomaa kuna bakteria wanaibadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo angalau inavumilika ukiwa unabadilisha maji kila wiki. Kuwakuza hao bakteria kwenye tangi jipya kunachukua kama wiki 4 mpaka 8, na unatakiwa uwakuze kabla mnyama hajaingia. Amonia inatakiwa isome 0, nitriti 0, nitrati isizidi miligramu 20 hivi kwa lita. Mimi baada ya ile dawa, siku ya nne nilipopima amonia rangi ilitoka kijani ambayo kwenye kile kikadi cha kulinganishia sijawahi kuifikia. Chausiku kakunja matamvua kuelekea mbele, ncha ya mkia imejipinda kama ndoana, nyungunyungu unamsogezea mdomoni anageuza kichwa. Hizo zote ni dalili kwamba mnyama ana msongo, na pamba ndo kwanza inanenepa.

Mtu mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi akaniambia neno moja tu, mtoe humo. Sio kesho, saa hiyohiyo.

Ndo nikajifunza beseni. Hii ndo silaha ya kwanza, na nikiambiwa nichague moja tu kati ya zote nachagua hii. Unachukua beseni la plastiki safi lisilowahi kuguswa na sabuni, unatia maji mapya yaliyowekwa dawa ya kuondoa klorini, yawe na ubaridi uleule wa maji anayotoka, yamfunike vizuri, unamweka humo na kipande cha bomba ajifichie. Kila siku unabadilisha maji yote, asilimia 100, na akinya katikati unabadilisha tena usisubiri. Mi nilikuwa na mabeseni mawili, moja anakaa, la pili maji yake yameshatayarishwa yanamsubiri, kwa hiyo kumhamisha ni dakika moja. Usitumie wavu, vidole na matamvua vinanasa, tumia bakuli umchote pamoja na maji yake. Na funika beseni kwa kitu chenye matundu, usidanganyike na ule upole, nilimkuta siku moja kidevu kiko ukingoni anatafuta njia. Kuhusu hewa usihofu sana, ana mapafu madogo pia, utamwona anapanda juu anagugumia hewa anashuka. Ila ile dawa ya kuondoa klorini soma nyuma ya chupa, zile zenye aloe vera ziache, zinatengenezwa kwa ajili ya samaki sio kwa ngozi ya huyu.

Halafu chumvi. Chumvi ya kawaida isiyotiwa madini joto, vijiko 2 mpaka 3 vya chai kwa lita moja ya maji yaliyotolewa klorini, inayeyuka yote kwanza ndo mnyama anaingia, dakika 10, mara moja au mbili kwa siku, halafu anarudi kwenye maji masafi. Isizidi dakika 15 hata iweje. Mi nilianzia vijiko 2 na siku ya kwanza nikaenda vizuri kabisa, siku ya pili simu ikaita, nikaongea, nikasahau, narudi ni dakika 25 hivi na Chausiku anazunguka beseni kama kitu kinamfukuza. Ncha za vile vinyweleo vya tamvua zilipauka na kesho yake nyingine zikakatika. Chumvi inaua fangasi lakini haijui kuchagua, ukizidisha inaunguza palepale unapotaka kupaponya. Tangu siku ile naweka kengele ya simu na sitoki chumbani, simu ikiita iite.

Siku ya tatu ya chumvi ile pamba ilisinyaa, ikawa rangi ya majivu, siku ya nne nikaikuta inaelea chini ya beseni yenyewe. Kuna mtu alinishauri niivute na kibanio cha nyusi, ashukuriwe Mungu sikumsikiliza. Ile kitu imejishika ndani ya nyama, ukivuta unaondoka na tamvua, na kidonda kipya ni mlango mpya.

Nikashangilia. Tangi nikalirudishia maji mapya, Chausiku nikamrudisha ndani haraka tu kwa sababu beseni lilishanichosha, na baada ya siku 9 pamba ikarudi, safari hii upande wa kushoto.

Hapo ndo nilikaa chini nikaanza kusoma vizuri badala ya kutafuta dawa. Kitu kilichonishangaza ni kwamba hii tunayoiita fangasi, mara nyingi ni Saprolegnia, na kitaalamu si fangasi wa kweli hata kidogo, ni ukungu wa majini ambao kiukoo uko karibu zaidi na mwani wa kahawia kuliko na uyoga. Vijimbegu vyake vina vikia vinaogelea, na vimo karibu kwenye maji yote, kwenye tangi lako, kwenye mimea, vimo tu. Kazi yake ni kula vilivyokufa. Nikakumbuka kuna nyungunyungu niliwahi kumsahau nyuma ya jiwe siku tatu, nilipomkuta amevaa pamba ileile, nyeupe ileile. Kwa hiyo swali sio huyu fangasi katoka wapi, swali ni kwa nini ngozi ya Chausiku ilionekana kwake kama mzoga. Mnyama mwenye afya ana ute juu ya ngozi unaomkinga, ule ute ukiharibika kwa amonia, kwa joto, kwa kidonda, ndo vile vijimbegu vinapata pa kutua.

Sasa ute wa Chausiku uliharibiwa na nini? Nilikuwa na majibu mawili na yote ni aibu yangu.

La kwanza ni sponji. Ile niliyodhani imemeguka ikanasa kwenye tamvua, kumbe ilihusika kweli ila kwa njia nyingine. Kila baada ya wiki mbili nilikuwa naitoa naisugua chini ya bomba mpaka inatakata, najisifu kwa usafi. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo makusudi iue bakteria. Kwa hiyo kila wiki mbili nilikuwa nawaua wafanyakazi wangu wote halafu nashangaa kazi haiendi. Saivi sponji naikamulia ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa kwenye tangi hilohilo siku ya kubadilisha, naibinya mara mbili tatu, inabaki na rangi ya udongo na sijali.

La pili ni joto, na hili lilinichukua muda kulikamata kwa sababu themomita ilikuwa inanidanganya. Aksolotli anataka maji ya baridi, digrii 16 mpaka 18, 20 anavumilia, ikifika 24 uko pabaya. Mi nilikuwa naangalia kila asubuhi kabla ya kutoka, naona 18, najipongeza. Siku moja nikarudi mapema saa tisa mchana, nikapita hivi jicho likaenda kwenye themomita, 24. Nikadhani imeharibika. Nikachukua nyingine, 24. Jua la mchana lilikuwa linapita dirishani linapiga ubavu wa tangi kwa saa tatu nzima kila siku, na mimi miezi yote hiyo sipo. Maji ya moto yanashika hewa kidogo, mnyama mwili unaenda mbio, na ile amonia nayo maji yakiwa na joto na pH (kipimo cha maji kuwa na asidi au la) ikiwa juu sehemu kubwa zaidi inageuka kuwa ile aina yenye sumu. Yaani kila mchana Chausiku alikuwa anapigwa na vitu vitatu kwa pamoja, usiku anapata nafuu, asubuhi mimi namuona mzima.

Nikahamisha tangi, kazi ya nusu siku na mgongo. Nikaweka feni ndogo inapuliza juu ya maji, mfuniko nikaubadilisha kuwa wa wavu ili mvuke utoke, hiyo peke yake inashusha digrii 2 mpaka 4. Ubaya wake maji yanapungua haraka, inabidi uongeze kila baada ya siku moja mbili, na ya kuongeza yawe yametolewa klorini pia. Chupa za maji ya barafu nilijaribu nikaacha, unashusha ghafla halafu inapanda ghafla, na huko kupandashuka nako kunamchosha mnyama. Mwenye uwezo wa mashine ya kupoza maji anunue tu alale usingizi.

Raundi ya pili basi tukarudi beseni, chumvi kwa siku tano, lakini safari hii sikumrudisha mpaka tangi liliposoma amonia 0 na nitriti 0 siku saba mfululizo. Alikaa kwenye beseni karibu mwezi. Majirani wa chumbani walijua ratiba yake kuliko yangu.

Chai nayo nimeitumia. Chai nyeusi tupu, isiwe na viungo wala ladha ya ndimu wala nini, unachemsha, unaacha ipoe kabisa, unachanganya kwenye maji ya beseni mpaka yawe kahawia hafifu. Ile tanini iliyomo kwenye chai inakaza ngozi kidogo na haiwapendezi fangasi. Majani makavu ya mti wa mkungu yanafanya kazi kama hiyo. Kwangu chai ni ya mwanzo kabisa, pamba ikiwa bado ni kivuli, au ya kumtuliza aliyechubuka. Pamba ikishashika usipoteze siku na chai. Kuna methilini bluu pia, hiyo ni dawa kweli na inafanya kazi, ila ni ya kwenye beseni peke yake, kwenye tangi itakufanyia kama ile chupa ya samaki anayetabasamu, na usiichanganye na chumvi wala chai wakati mmoja. Na inatia rangi kila kitu, vidole vyangu vilikuwa vya bluu wiki nzima. Wapo wanaoweka mnyama kwenye jokofu, digrii 5 mpaka 8, kupunguza mwendo wa ugonjwa. Mi sijafanya na sitafanya bila daktari kuniongoza, mnyama aliyechoka ukimshusha joto kwa pupa unaweza kumaliza wewe kile ambacho fangasi hawajamaliza.

Sasa niseme la Maziwa, nimekuwa nalizungukazunguka.

Maziwa alikuwa aksolotli mweupe, matamvua mekundu kama damu, nilimchukua kwa mtu aliyekuwa anahama. Nilikuwa nimeshajiona mganga. Nikamtenga kwenye tangi lake siku 30 kama inavyotakiwa kwa mgeni yeyote, hapo nilifanya sawa. Wiki ya pili nikaona weupe kwenye tamvua na mwingine ubavuni, nikasema aah hii naijua, beseni, chumvi, dakika 10. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haukupungua. Siku ya nne ule wa ubavuni ulikuwa umetanuka, na hapo ndo niliangalia kwa makini kwa mara ya kwanza, na tochi: haukuwa na vinyweleo. Ulikuwa bapa, kijivu chenye unjano, umelala juu ya ngozi kama mtu kapaka uji, na pembeni pamekuwa pekundu. Kwenye tamvua ilikuwa inalika, sio inaota. Daktari wa wanyama nilimfikia siku ya sita, akaniambia hii ni bakteria, columnaris, inafanana na fangasi kwa anayeangalia haraka, inaenda kasi na joto linaipeleka kasi zaidi, inataka antibayotiki sio chumvi. Tulianza siku hiyohiyo. Maziwa alikufa alfajiri ya siku ya nane.

Daktari hakunilaumu, alisema tu ningeleta picha siku ya kwanza. Picha. Nilikuwa na simu mkononi nahesabu dakika za chumvi.

Kwa hiyo saivi nikiona weupe wowote kabla ya kufanya lolote nauliza una vinyweleo au hauna. Vinyweleo vinavyopepea, pamba iliyovimba, huyo mara nyingi ni fangasi, beseni na chumvi vianze, na isipoonyesha kupungua ndani ya siku tatu nne naacha kujifanya mjuaji. Bapa, kijivu, linatanuka kila ukiamka, daktari leo. Na kuna weupe mwingine wala sio ugonjwa, anajibambua ngozi, utaona kitu kama karatasi nyembamba ya nailoni imening'inia kwenye mguu au mkia, kesho haipo. Nilishamtia Chausiku chumvi bure kwa sababu ya ngozi yake mwenyewe, masikini. Ule ute mweupe unaoota kwenye gogo jipya ndani ya tangi nao hauna shida na mtu.

Mengine ninayofanya ni madogo madogo. Chakula kisicholiwa natoa ndani ya nusu saa, na mavi nayanyonya na bomba la sindano kubwa nikiyaona tu. Chausiku ni mtu mzima kwa hiyo anakula kila baada ya siku mbili tatu, nilikuwa namlisha kila siku kwa mapenzi na yale mapenzi yote yalikuwa yanageuka amonia. Mawe yenye ncha nimetoa, kokoto pia, anaweza kuzimeza zikamziba, chini nimeacha mchanga laini tu. Mimea mipya inakaa ndoo ya pembeni kwanza. Maji nabadilisha kama robo ya tangi kila wiki. Na sifugi wawili tangi moja tena, nilijaribu mara moja na mgeni mwingine baada ya Maziwa, usiku mmoja tu Chausiku akaamka kidole hakipo, alidhani mwenzake ni nyungunyungu au mwenzake alidhani yeye ndo nyungunyungu, sijui. Kidonda kile nilikiwahi na beseni na chai, pamba haikuota kabisa, na kidole kikaota chenyewe ndani ya wiki kadhaa, kadogo, cheupe kwanza kisha kikajaa rangi.

Matamvua nayo yamerudi. Yale yaliyoungua kwa chumvi yangu yalichukua miezi, vinyweleo vilianza kuchomoza kama ndevu za kijana, na hilo la kulia la katikati mpaka leo ni fupi kuliko wenzake, ukimtazama kwa mbele utadhani kavaa taji limepinda. Themomita ya pili nimeibandika kwenye kioo na nimenunua ile inayokumbuka joto la juu kabisa la siku nzima hata kama sipo. Jana iliandika 18 na nusu, saa tisa na dakika kumi mchana.